Maswali ya Lugha: «To the bitter end» na kamba ya nanga

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mfasiri wa habari katika kituo cha redio. Hivi karibuni nilikabidhiwa taarifa ya Kiingereza iliyosema kwamba wafanyakazi fulani wa Ulaya wameapa kuendeleza mgomo wao «to the bitter end». Niliandika «hadi mwisho mchungu», na habari ikasomwa hivyo hewani. Mhariri wangu alisema kwamba maneno hayo ya Kiingereza yametoka melini na hayahusiani kabisa na uchungu. Mwenzangu mwingine, ambaye ni mzee wa kanisa, anashikilia kuwa yametoka katika Biblia. Nani kati yao anasema kweli, na nilipaswa kuandika nini?
Mfasiri, Dodoma

JIBU: Ndugu mfasiri, mhariri wako na mzee wa kanisa wote wana hoja, ila kila mmoja ameshika nusu ya habari. Nianze na meli, kwa sababu huko ndiko kuliko na maandishi yanayoonyesha msemo ukiwa bado kazini, na kwa sababu mtu asiyeijua kamba yenyewe na kazi yake hawezi kuelewa kwa nini mabaharia waliipa ncha moja ya kamba jina la peke yake.

Katika meli za matanga za Kiingereza za karne ya 17 na ya 18, upande wa omo kulikuwa na nguzo mbili nene za mti mgumu, zilizosimikwa kupita kwenye sitaha hadi chini na kuunganishwa kwa boriti iliyolala baina yake. Waingereza huziita nguzo hizo «bitts». Kazi yake ilikuwa kubeba mvuto wote wa nanga wakati meli imetulia bandarini au imejisitiri nyuma ya rasi ikisubiri upepo. Amari, yaani kamba ya nanga, ilisokotwa kwa nyuzi za mmea wa jamii moja na bangi, ambao si mkonge huu tunaoujua wa Tanga, na ilikuwa nene kiasi ambacho mtu aliyezoea madau hawezi kukisia. Amari ya HMS Victory, manowari ya Nelson, admirali wa Kiingereza, ambayo mpaka leo inatunzwa Portsmouth, ilikuwa na mzingo wa inchi 24, karibu sentimita 60, sawa na paja la mtu aliyeshiba. Kamba kama hiyo haipigwi fundo. Ilizungushwa kwenye zile nguzo, na msuguano ndio uliokuwa ukiishika.

Nanga ilipotupwa, amari ilichomoka kutoka tumboni mwa meli kwa kasi ya kutisha, na mabaharia walimwaga ndoo za maji juu ya nguzo ili mti usishike moto. Baada ya nanga kugusa chini, amari ililegezwa kidogo kidogo kwa kuongozwa na mizunguko ile. Mzunguko mmoja wa amari kwenye nguzo uliitwa «bitter», na ile sehemu ya amari iliyobaki ndani ya meli, nyuma ya nguzo, ikaitwa «the bitter's end», yaani mwisho wa upande wa mzunguko. Maelezo haya hayakubuniwa na wapenda hadithi wa siku hizi. Yamo katika kitabu cha mafunzo ya ubaharia cha Kapteni John Smith, yule yule aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha koloni la Jamestown, Virginia, mwaka 1607. Kitabu hicho, A Sea Grammar, kilichapishwa London mwaka 1627, na maana inayotolewa humo ni ya kazi tupu: hakuna huzuni, hakuna mapambano, hakuna methali, ni jina la kipande cha kamba.

Kuna jambo la ufundi ambalo waelezaji wengi wa msemo huu hulipita mbio, ilhali ndilo lililoupa uzito. Nanga haikizuii chombo kwa uzito wake tu. Hukizuia kwa sababu jino lake limezama mchangani au topeni, na hubaki limezama mradi kamba inaivuta kwa ubavu, ikiwa imelala karibu na sakafu ya bahari. Mvuto ukitoka juu, nanga hung'oka. Ndiyo maana nahodha hulegeza amari yenye urefu mara kadhaa ya kina cha maji, na upepo ukizidi huongeza nyingine, na ukizidi tena huongeza tena, maana kila pima inayotoka inalilaza zaidi lile vuto na kuipa nanga nafasi ya kushika. Basi ule mwisho uliobaki ndani ulikuwa ndiyo akiba ya nahodha. Usiku wa dhoruba, meli ikisukumwa kuelekea miambani, kuona ncha ya amari ikifika kwenye nguzo ilikuwa ni kujua kwamba hila ya kulegeza imekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyoelezwa na Admirali William Henry Smyth katika kamusi yake kubwa ya maneno ya mabaharia, iliyotoka mwaka 1867, miaka miwili baada ya kifo chake: kamba au mnyororo ukishalegezwa hadi «bitter-end», hakuna kilichobaki cha kuachia. Picha hiyo hiyo imo katika Robinson Crusoe, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1719, pale meli inapopigwa na dhoruba ikiwa imetia nanga mbili na amari zake zimelegezwa hadi mwisho. Kuna kituko kidogo hapo: baadhi ya matoleo ya kitabu hicho yameandika «bitter end» na mengine «better end», yaani mwisho ulio bora, na wapo waliojenga juu yake nadharia kwamba ncha ya ndani iliitwa bora kwa kuwa haikuwa imechakazwa na maji ya chumvi. Ni kweli kwamba ncha ya ndani huwa nzima zaidi, na mabaharia walikuwa na desturi ya kuigeuza amari ili ile iliyo nzima ifungwe kwenye nanga. Hata hivyo Smith aliandika karibu karne moja kabla, na kwake neno linafuata nguzo waziwazi, kwa hiyo nadharia ya ubora haina haja ya kutuchelewesha.

Msemo huu pia haujafa baharini. Minyororo ya chuma ilichukua nafasi ya amari za nyuzi katika karne ya 19, na nguzo za mti zikaondoka pamoja nazo, lakini jina lilibaki. Katika meli ya leo mnyororo wa nanga hupimwa kwa vipande vya mita 27.5 kila kimoja, hulala katika chumba chake mbele ya meli, na pingili ya mwisho kabisa, iliyofungwa ndani ya chumba hicho kwa pini inayoweza kufunguliwa ikibidi kuutupa mnyororo wote, bado huitwa «bitter end». Jeshi la Majini la Marekani hupaka kipande cha pili kutoka mwisho rangi ya manjano na kile cha mwisho rangi nyekundu, ili walioko kwenye mashine ya kushushia nanga waone kwa macho kwamba mnyororo unaishia. Baadhi ya wafundishaji wa mafundo nao huiita hivyo ncha ya kamba isiyofanya kazi ya kufunga.

Sasa nimgeukie mzee wa kanisa. Neno «bitter» lenye maana ya uchungu ni la kale mno katika Kiingereza, la ukoo mmoja na kitenzi chao cha kuuma kwa meno, na halikuhitaji meli ili likutane na neno la mwisho. Katika Mithali 5:4 tunaambiwa kwamba mwisho wa mwanamke mpotovu ni mchungu kuliko pakanga. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 2, Abneri anamlilia Yoabu asimamishe vita kwa kumkumbusha kwamba mwisho wake utakuwa uchungu. Amosi 8:10 inafananisha mwisho wa maombolezo na siku ya uchungu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilisomwa kwa sauti kila Jumapili, katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla msemo haujaenea katika magazeti na hotuba za karne ya 19. Abneri hasa anapaswa kutiliwa maanani, kwa sababu anazungumzia vita vinavyoendelezwa kupita kiasi, na hicho ndicho kiini cha matumizi ya leo.

Hukumu yangu ni kwamba umbo la msemo limetoka melini na ladha yake imetoka nchi kavu. Angalia kiungo cha mwanzo, «to the». Katika Biblia mwisho ni mchungu, lakini hakuna anayekwenda hadi mwisho mchungu. Sentensi hazina safari hiyo. Melini, kinyume chake, kamba hulegezwa hadi mwisho huo, na ndivyo hasa watu wanavyosema hadi leo: kupigana hadi, kubishana hadi, kusubiri hadi. Mtu wa bara aliyelisikia neno kutoka kwa baharia hakujua nguzo wala mzunguko wa amari. Alisikia uchungu, akakumbuka mahubiri, na maana zikafungana zisiweze tena kutenganishwa. Kwa hiyo mhariri wako anaposema hakuna uhusiano wowote na uchungu, amezidisha. Mwingereza wa leo anapotamka maneno haya anausikia uchungu ulimini, hata kama babu yake baharia hakuusikia.

Ushahidi mwingine unatoka kwa majirani wa Waingereza. Wajerumani na Waholanzi nao wana mwisho mchungu katika lugha zao, na kwa Kiholanzi nguzo za nanga zina jina jingine lisilofanana na neno la uchungu, kwa hiyo kwao ladha peke yake inatosha kuubeba msemo. Waliolitumia kwa namna ya kukumbukwa zaidi ni Makaburu wa Afrika Kusini. Katika vita vyao na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, wale waliokataa kusalimu amri hata baada ya miji mikuu yao kutekwa, mashamba yao kuchomwa na familia zao kutiwa kambini walijiita «bittereinders», watu wa mwisho mchungu, na wale waliosalimu walibandikwa jina la dharau la «hensoppers», wanyoosha mikono. Majenerali kama Christiaan de Wet na Koos de la Rey walipigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka miwili, hadi mkataba uliotiwa sahihi Pretoria tarehe 31 Mei 1902 ulipowakuta wapiganaji wapatao 20,000 bado wako nyikani na bunduki zao. Chuki baina ya makundi hayo mawili iligawa makanisa na familia kwa muda mrefu. Hapo msemo ulikuwa umetoka kwenye kamba na kuwa jina la watu.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ni la kazi. «Hadi mwisho mchungu» ni sentensi ambayo msikilizaji wa redio ataifasiri kwa njia nyingine kabisa: ataelewa kuwa mgomo utaisha vibaya, kwamba wafanyakazi watashindwa. Taarifa yako haikusema hivyo. Ilisema hawatalegeza hata likiwafika la kuwafika. Kiswahili kina akiba kubwa hapa. Kwa wagomaji waliokula kiapo ningeandika kwamba wataendelea na mgomo «liwalo na liwe», au, kama chombo chako kinaruhusu lugha yenye joto kidogo, «mpaka kieleweke». Kwa wanajeshi, «hadi tone la mwisho la damu» limezoeleka mno mpaka limechakaa, na «kwa kufa na kupona» lina nguvu zaidi. Wakili anayesema atakwenda na kesi «to the bitter end» huyo ataifuatilia kesi hadi ngazi ya mwisho ya rufaa, na mfasiri asione haya kusema hivyo bila mapambo yoyote.

Kuna pia matumizi ya dhihaka, ambapo Mwingereza husema alikaa kwenye mkutano wa kuchosha «to the bitter end», na hapo hakuna kiapo wala damu. Mtu alivumilia tu. Sisi tunasema alikaa mpaka jamvi likakunjwa. Nakushauri uyatenganishe matumizi haya mawili kabla ya kuandika, kwa sababu kosa la kumpa mtu aliyechoshwa na hotuba maneno ya mpiganaji huchekesha pasipotakiwa kicheko.

Na kama mhariri wako bado anadhani kuwa msemo ukishasahau bahari yake umeharibika, mwulize anamaanisha nini anapoandika kwamba mazungumzo yamekwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo huku na huku kikipigwa na mawimbi, na methali inasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Wengi wanaoliandika neno hilo kila siku hawajapata kukaa ndani ya jahazi. Wenzetu wa michezo nchini Kenya huandika kwamba mashindano yameng'oa nanga, nayo yanafanyika kwenye uwanja wa nyasi, mamia ya kilomita kutoka pwani.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Nimekulia kwenye mashua, na siku hizi nawatembeza wageni. Mgeni mmoja Mwingereza alimtazama mwenzake aliyekuwa amelewa akasema yuko «three sheets to the wind». Nilijua «sheet» ni shuka. Mgeni mwingine akasema ni tanga. Hizo shuka tatu au matanga matatu yanahusiana vipi na ulevi?
Mtembeza wageni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wageni wako wamekupotosha, na la ajabu ni kwamba wewe ndiye uliyekuwa na jibu mkononi. «Sheet» ya mabaharia wa Kiingereza ni demani. Ni ile kamba iliyofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, ambayo ukiivuta tanga linakaza na kushika upepo, na ukiiachia tanga linamwaga upepo. Neno lao la kale lilihusu pembe hiyo ya chini ya tanga, kisha likahamia kwenye kamba inayoishika. Shuka ya kitandani imefika hapo kwa njia nyingine, na kufanana kwa maneno hayo kumewachanganya Waingereza wenyewe, ambao wengi wao wataapa mbele yako kuwa «sheets» ni matanga.

Ukilijua hilo, maana inajifungua. Unajua kinachotokea demani ikikuponyoka mkononi upepo ukiwa mkali: tanga linapigapiga kwa kishindo, kamba inachapa hewani kiasi cha kumjeruhi mtu, chombo kinapoteza mwendo na usukani haukisikilizi tena. Katika jahazi lenye tanga moja kubwa, demani moja ikiachia ni taabu ya kutosha. Meli za Kiingereza zilikuwa na milingoti mitatu na matanga ya mraba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila tanga la mraba lilikuwa na demani mbili, moja kwa kila pembe ya chini. Demani tatu zikiwa zimeachia kwa pamoja, meli inakwenda kama mlevi atokaye kilabuni.

Mabaharia waliitumia hesabu hiyo kama kipimo. Aliyechangamka tu kwa kinywaji walisema ana demani moja upeponi, na aliyelewa chakari alikuwa na tatu. Umbo la zamani lilikuwa «in the wind», yaani ndani ya upepo, na ndilo linaloonekana katika maandishi ya London ya mwaka 1821. «To the wind» lilikuja baadaye na sasa ndilo linalosikika zaidi. Robert Louis Stevenson, katika hadithi yake ya maharamia iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, anamtia kinywani mhusika mmoja ile demani moja, kwa maana ya kulewa kidogo, jambo linaloonyesha kuwa kipimo hicho kilikuwa bado kinafahamika. Baadhi ya watu hudai kwamba msemo umetokana na mapanga manne ya kinu cha upepo, kimoja kikikosa kitambaa chake na vitatu vikabaki. Maandishi ya mwanzo yanafuatana na mabaharia na vilevi vyao, na vinu havimo.

Ukitaka kuwaeleza wageni wako kwa Kiswahili, waambie amelewa chakari, na kama ni vijana wa Dar es Salaam waliofuatana nao, waambie kalewa bwii. Lakini kama unataka kubaki na upepo, tunacho kitenzi kinachomfaa mlevi na kitu kinachoyumbishwa na upepo vilevile: anapepesuka. Na siku moja, mkiwa mbele ya Shela upepo ukiwa wa wastani, iachie demani kwa muda wa pumzi mbili wakiwa wameketi salama na wamekaa mbali na kamba. Wataelewa kuliko nilivyoeleza hapa.

SWALI: Mwalimu, nimesoma mtandaoni kwamba neno «posh», linalomaanisha kitu cha kifahari, ni ufupisho wa maneno manne, «Port Out, Starboard Home», yaliyopigwa mhuri kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kutoka Uingereza kwenda India. Je, ni kweli?
Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Si kweli, ingawa hadithi yenyewe imetungwa kwa ustadi. Inasema kwamba vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na upande wa kulia wakati wa kurudi vilikuwa na kivuli, kwa hiyo wenye fedha walivilipia zaidi. Kuhusu jua, maelezo yana mantiki: meli inayoelekea mashariki kutoka Aden kwenda Bombay ina kaskazini upande wake wa kushoto, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la huko hupiga zaidi kutoka kusini. Tatizo ni ushahidi. Kampuni ya P&O ilibeba abiria wa njia hiyo kwa miongo mingi, na haijapata kuonekana hata tiketi moja yenye mhuri huo. Neno lenyewe linapatikana likiwa na maana ya ufahari mwaka 1914, wakati hadithi ya tiketi inaanza kusimuliwa katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo «posh» lilikuwa neno la mitaani la karne ya 19, likitumika kwa fedha ndogo na pia kwa mtu anayejipamba kupita kiasi, na njia ya kutoka kwa mtanashati hadi ufahari ni fupi, haihitaji Mfereji wa Suez.

Ukikutana tena na maelezo kwamba neno la Kiingereza la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni ufupisho wa herufi za mwanzo, liwe la meli au la jeshi au la mahakama, lishuku mpaka mtu akuonyeshe karatasi. Mtindo wa kutengeneza maneno kwa herufi hizo ulishamiri katika karne ya 20, majeshi na idara za serikali zilipoanza kujaza barua zao vifupisho, na hadithi nyingi za namna hii zimerudishwa nyuma kwa watu ambao hawakuwa na desturi hiyo. John Smith na Admirali Smyth, niliowataja juu, waliandika mamia ya kurasa za maneno ya mabaharia. Mengi wanayoyaeleza ni ya mti, kamba, nguo na upepo.